Baba aliacha eka nne za mbono, mimi nina kisima kimoja: nimwagilie au ning'oe?

MwanaWaNdiva

Wakuu heshima kwenu, wakubwa shikamooni.

Niko Same, huku tambarare upande wa Makanya, siyo kule juu kwenye migomba na ukungu. Wanaopita barabara kuu ya kwenda Moshi wanapajua: mikonge, vumbi, na mlima wenye mvua unaouona kwa macho tu. Mwaka mzima tunapata milimita 500 hadi 600, tena kwa mafungu mawili, vuli na masika, na kila fungu lina tabia ya kukatika pale mazao yanapotoa maua.

Marehemu baba ametuachia eka nne, na zote zina mbono (jatropha). Mwaka 2007 walikuja mabwana na gari jeupe wakaita mkutano chini ya mkwaju. Wakasema mbono hauhitaji maji, mbuzi hawaugusi, ardhi kame ndiyo kwao, mbegu zinakamuliwa mafuta ya kuendeshea magari na wao watanunua kila kilo. Siwataji, wenyewe walishaondoka zamani. Baba aling'oa ngwara na mahindi, akapanda mibono mita mbili kwa tatu, mistari imenyooka kama ya mkonge. Walinunua mara mbili. Mara ya tatu baba alikaa na magunia sebuleni mpaka panya wakachoka kuyatoboa.

Sasa kinachonichanganya ni hiki. Ule mti haufi. Mwaka 2009 ng'ombe walikufa mpaka ngozi zikakosa mnunuzi, mibono ikapukutisha majani ikabaki vijiti. Mvua ya kwanza tu, kijani kibichi. Ukame wa juzi juzi hapa 2022, hivyo hivyo. Mimi nikawaza: kama bila maji unaishi, nikiupa maji kidogo kwa dripu, matone kwa matone kwenye mpira, si utanizalia mpaka nikimbie?

Nane Nane nilipita banda moja Themi, Arusha, kijana akanionyesha mipira ya dripu, akasema inaokoa nusu ya maji. Na rafiki yangu wa Dar ananiambia achana na mbono, weka miwa au mtama mtamu, spiriti ya kupikia ndiyo habari ya mjini, serikali inataka asilimia 80 ya Watanzania wapike kwa nishati safi ifikapo 2034.

Maji niliyonayo: kisima kirefu, mita 60, karatasi ya wachimbaji inasema lita 2,000 kwa saa. Pampu ya sola, nahesabu saa sita za jua zuri, yaani lita 12,000 kwa siku. Yana chumvi kidogo, chai inakubali ila maharage yanachelewa kuiva. Pia nina zamu ya ndiva ya ukoo (bwawa letu la asili la kugawana maji), lakini hiyo ni wakati wa mvua. Kiangazi ndiva inabaki tope na vyura. (Mnatusema Wapare tunapenda kesi. Kesi zenyewe nyingi zimeanzia mferejini, usiku, mtu na jembe lake.)

Naomba ushauri kabla sijatoa hela ya mipira. Nimwagilie mbono, niweke miwa, au mtama?

---

BintiMonduli

Pole na msiba kaka.

Mbono naujua kwa sabuni. Huku kwetu kina mama wanakamua mbegu, wanachemsha mafuta na magadi makali ya dukani (caustic soda), sabuni yake inatafutwa na watu wenye ukurutu. Ila hakuna hata mmoja aliyepanda shamba. Tunachuma kwenye ua wa boma, kwa sababu ua upo tu, hauna gharama.

Usijaribu kuyatia kwenye jiko la mchina la mafuta ya taa. Ni mazito, utambi unaziba, nyumba inajaa moshi. Nimeshafanya ujinga huo.

Na angalia watoto. Mbegu ina ladha kama ya karanga lakini ni sumu, mpwa wangu alitapika usiku kucha.

---

DripuMpangoMzima

Mkuu usiwasikilize waoga. Dripu ndo kila kitu siku hizi. Maji yanaenda kwenye mzizi moja kwa moja, hakuna magugu, hakuna kupotea. Eka nne kwa lita 12,000 unamwagilia vizuri tu, mbona watu wanalima nyanya kwa simtanki moja? Weka miwa, miwa ina hela. Njoo PM nikupe bei ya vifaa.

---

MiwaKilombero

Nacheka huyo wa simtanki moja.

Mimi nalima miwa ya mvua bonde la Kilombero, eka tatu, ratuni ya nne (yaani imeshachipua upya mara nne baada ya kukatwa). Kwetu mvua inapita milimita 1,200 mwaka wa kawaida na bado tunalia. Ngoja nikwambie kitu ambacho muwa unakufundisha bila darasa. Kata muwa mmoja, usimame nao mbele yako, anza kusoma pingili kutoka chini. Za chini ndefu, unaweza kushika kwa kiganja kizima: hapo masika yalikuwa mazuri. Halafu unafika mahali pingili zinafupika ghafla, nne, tano, sita, zimebanana kama vidole vya ngumi. Hapo ndipo mvua ilipokatika. Juu yake zinarefuka tena. Muwa haufuti. Hata mvua ikirudi kwa fujo, zile pingili fupi zinabaki fupi mpaka siku ya panga, na uzito wake umeshaukosa.

Tena siyo kila kiu ni sawa. Kiu ya mwishoni, wiki chache kabla ya kukata, tunaitaka: muwa unaacha kurefuka, sukari inapanda. Wenye mabomba wanafunga maji makusudi. Kiu ya mwanzo, wakati shina linachipuza wenzake, hiyo inakupunguzia idadi ya miwa. Ya katikati, wakati wa kurefuka, ndiyo inayokumaliza.

Kwa milimita zako 500, sahau miwa ya mvua. Ya kumwagilia sijui, tuwasubiri wanaojua.

---

FundiBomba_Mstaafu

MwanaWaNdiva, marahaba. Pole kwa baba.

Nimefanya kazi ya maji ya miwa miaka mingi kule Arusha Chini, karibu na Moshi, ambako mvua ni kama yenu na bila mfereji usingeona hata jani. Nimeanza na mifereji, nikaja kwenye mabomba ya kurusha, nikamaliza na dripu. Kwa hiyo sina ugomvi na dripu. Ugomvi wangu ni na hesabu ambazo hazijafanywa, na ukiwa na nafasi chukua kalamu.

Nianze na mbono, kwa sababu ndio uliokushika moyo.

Unasema haufi. Kweli. Lakini hebu angalia unavyofanya ili usife: unapukutisha majani. Mmea unakula kupitia vitundu vidogo kwenye jani, hewa ya ukaa inaingia hapo, na maji yanatokea hapo hapo. Mlango ni mmoja. Ukifunga maji yasitoke, umefunga na chakula kisiingie. Mbono wakati wa kiangazi umefunga duka na kushusha mapazia. Duka lililofungwa halipati hasara kubwa, lakini usiende kuulizia mauzo. Wale mabwana wa gari jeupe walimwonyesha baba yako duka ambalo halifilisiki, hawakumwambia kwamba mwaka mwingi limefungwa.

Hawakuwa peke yao, nchi nyingi ziliingia mkenge ule. Kenya walichunguza mashamba ya wakulima wenyewe, ripoti ikatoka mwisho wa 2009, ikakuta mavuno ni madogo mno na shamba halilipi. Walichokipendekeza kwa mkulima mdogo ni kuupanda kama ua tu. Yale yale anayoyasema BintiMonduli bila ripoti.

Sasa niambie: mwaka mzuri kuliko yote baba alivuna kilo ngapi?

---

MwanaWaNdiva

Mzee wangu, ahsante. Daftari lake ninalo. Mwaka 2011, kilo 240, eka zote nne. Ameandika na wino mwekundu, nadhani alifurahi.

---

FundiBomba_Mstaafu

Vizuri kwamba aliandika.

Kilo moja ya mbegu za mbono ni kama mbegu 1,400. Tunda moja lina mbegu tatu, na matunda hayaivi pamoja, unarudi mti huo huo mara tano. Kwa hiyo mama yako na nyinyi watoto mlichuma na kumenya matunda zaidi ya laki moja. Kwa mashine ya kukamua ya mkono unahitaji kilo nne hadi tano kwa lita. Mlikuwa na lita hamsini na kitu za mafuta, kwa eka nne, kwa mwaka, na huo ndio mwaka wa wino mwekundu.

Ukiumwagilia utazaa zaidi, sikatai. Lakini utakaa wiki nyingi ukishangilia majani kabla ya kuona matunda, na majani mateke yanawaita wale vidudu vya rangi ya dhahabu wanaoruka kama viroboto, wanayatoboa yanakuwa chujio. Hata mavuno yakipanda mara nne, bado unamwagilia lita mia mbili za mafuta kwa eka nne. Hapo hujalipa mtu wa kuchuma.

Mbono basi. Twende kwenye maji.

Milimita moja ya mvua kwenye eka moja ni lita 4,000 na ushee. Liweke hilo kichwani, ndilo linaloua ndoto nyingi. Huko kwenu, kiangazi chenye upepo, shamba la miwa lililofunika ardhi linakunywa kama milimita 5 kwa siku, siku mbaya zaidi ya hapo. Milimita 5 ni lita 20,000 kwa eka. Hizo ndizo zinazopita kwenye jani. Ukitumia dripu, katika kila lita 10 unazotoa kisimani 9 zinafika, kwa hiyo toa 22,500. Mabomba ya kurusha yanafikisha kama robo tatu, utatoa 27,000. Mfereji unafikisha kama sita katika kumi, utatoa karibu 34,000.

Wewe una 12,000. Kwa dripu, na kila kitu kikienda sawa, una nusu eka ya miwa. Siyo eka nne.

Na hapa ndipo namjibu DripuMpangoMzima. Kijana, hiyo nusu ambayo mwenzio aliambiwa bandani kwamba inaokolewa ni ya maji yaliyokuwa yanapotea njiani: yanayovuja mferejini, yanayozama chini ya mizizi, yanayokauka juu ya udongo kati ya mistari. Dripu inayakamata hayo. Lakini lita 20,000 za kupita kwenye jani hazipungui hata glasi moja, kwa sababu ndizo zinazojenga muwa. Mmea wa kutengenezea nishati hatuuzi tunda lake zuri kama nyanya. Tunauza uzito wa mwili wake. Na uzito unafuatana na maji yaliyopita kwenye jani kama kivuli. Nyanya ya simtanki ni robo eka kwa miezi mitatu, na bei yake kwa kilo siyo ya kuni. Usimlinganishie mwenzio hivyo.

Kuna na la pembeni, maana mnatoka kwenye ndiva. Maji yanayovuja kwenye mfereji wa udongo hayapotei yote. Mengine yanashuka taratibu na ndiyo unayoyakuta kisimani kwako huku chini. Wa juu wakitandika dripu wote na kuongeza eka, maana binadamu akiokoa maji hayaachi yapite, anaongeza eka, usishangae kisima kikashuka. Hiyo ni kesi nyingine ya Wapare inakuja.

Miwa inataka milimita 1,500 mpaka 2,500 kwa msimu. Tuseme mvua yako yote 500 imeingia ardhini, ambacho hakitokei. Unatafuta 1,000 nyingine. Kuinua maji hayo kutoka mita 60 kwa eka moja ni kama uniti 1,500 za umeme. Kwa sola ni jua, sawa, ila kwa jenereta ndogo ya petroli ni zaidi ya lita 600. Eka nzuri ya miwa ikitoa tani 40, ukazichachusha zote, unapata kama lita 3,000 za spiriti, ambazo kwa nguvu ni sawa na lita 2,000 za petroli. Yaani karibu theluthi ya nishati uliyolima umeirudisha kisimani kuvutia maji ya kuilimia.

Tena chumvi. Miwa inaanza kupunguza mavuno chumvi ya udongo ikipita 1.7 kwa kipimo cha dS/m. Mtama unakwenda mpaka karibu 6.8 kabla ya kulalamika. Kapime maji yako, siyo ghali. Na kwa dripu chumvi haiondoki, inasukumwa pembeni ya lile duara la unyevu. Ukitembea asubuhi utaiona, mstari mweupe kama unga uliomwagika. Mvua ya kwanza nyepesi inairudisha kwenye mizizi. Siku hiyo ndiyo unafungulia maji, wakati jirani anakushangaa unamwagilia mvua ikinyesha.

Basi mtama.

Mtama na muwa ni ndugu, wote wanabana maji kuliko mbono, kwa kilo moja ya mwili wanatumia pungufu sana. Lakini mtama una adabu ambayo muwa hauna. Kukikauka unakunja majani kama bomba, jani lina nta nyeupe, ipanguse kwa kidole utaiona. Unasimama, hausogei. Mvua ikirudi hata baada ya wiki tatu unaendelea ulipoachia. Unamaliza kazi kwa miezi mitatu na nusu au minne, na milimita 450 hadi 650 zinautosha. Muwa unakaa shambani mwaka mzima na lazima uvuke kiangazi; mtama kiangazi kikiingia umeshatoka.

Pale pasipo na mzaha ni kuanzia unaposhika mimba mpaka punje zinapojaa. Kiu ya hapo, shuke halichomozi vizuri, linabaki limekwama kwenye ala ya jani la mwisho kama mtoto aliyevaa shati dogo. Na wewe mwenyewe umesema mvua zenu zinakatika kwenye maua. Kwa hiyo hapo ndipo maji yako ya kisima yanapotakiwa. Mengine yote achia mvua.

Hesabu: milimita 60 za kuvusha kipindi hicho, kwa eka moja ni kama lita 243,000, kwa dripu toa 270,000. Kwa lita 12,000 kwa siku ni siku 22 au 23. Eka moja, basi. Ukipanda ya pili wiki tatu baadaye unaweza kuzivusha zote mbili, ila ya pili itakuwa imekosa mvua mwanzoni. Mimi ningekaa kwenye moja.

Lakini usiweke ule mtamu wa spiriti. Siyo kwa sababu ya maji. Ni kwa sababu bua likishakatwa sukari inaanza kuharibika siku hiyo hiyo, na juisi haikai. Kiwanda lazima kiwe karibu, na huko kwenu hakipo. Ukichachusha mwenyewe na kutonesha kwenye pipa, mwanangu, hiyo siyo nishati safi, hiyo ni gongo, na polisi watafika kabla ya mnunuzi.

---

MiwaKilombero

Mzee unaandika kama unalipwa kwa neno lakini nimesoma yote. Kwenye dripu nakuuliza: anajuaje maji yamefika chini kiasi gani? Huku tunaona juu pamelowa tunafunga.

---

FundiBomba_Mstaafu

Nondo. Mita moja, milimita 12, chonga ncha. Siku ya pili baada ya kumwagilia isukume kwa mkono, usigonge na nyundo. Inazama kwenye udongo wenye unyevu kama kisu kwenye ugali, ikifika kwenye pakavu inagoma. Weka kidole usawa wa ardhi, chomoa, pima. Kwa mtama uliokwisha kukua nataka igome sentimita 60 au zaidi. Ikigoma 20, unamwagilia magugu.

Halafu chukua udongo wa chini, finya kwenye kiganja. Ukishikana na kuacha unyevu kwenye ngozi, subiri. Ukivunjika kama biskuti, fungulia. Tulikuwa na vipimo vya bei kubwa, na bado bwana maji mmoja mzee pale kazini alikuwa anavishinda kwa kiganja.

MwanaWaNdiva, kabla hujanunua hata mita moja ya mpira, nenda kapime kisima. Usiamini karatasi. Ndoo ya lita 20 na saa ya simu. Pima ukiwasha, pima tena baada ya saa tatu pampu ikiwa haijazimwa.

---

DripuMpangoMzima

Sawa mzee nimekubali kwenye miwa. Ila vifaa vyangu ni vizuri.

---

MwanaWaNdiva

Nimerudi, wiki imepita. Nimepima siku tatu tofauti, mdogo wangu anashika simu mimi nashika ndoo.

Kuwasha: sekunde 36. Ni zile lita 2,000 za karatasini, wachimbaji hawakudanganya. Baada ya saa tatu: sekunde 58. Hiyo ni lita 1,240 kwa saa. Saa ya sita siku ya mawingu sikuandika, ilikuwa inakohoa tu hewa na maji. Nikikadiria vizuri nina lita 9,000 kwa siku, siyo 12,000. Kwa hesabu ya Mzee, nilikuwa nakwenda kupanda eka nne za miwa kwenye maji ya eka 0.4.

Maji nimepeleka kupimwa chumvi, jibu dS/m 2.3. Miwa kwaheri.

Kwa lita 9,000 eka moja ya mtama inataka siku 30 za kuvusha. Nimeona vuli hii nianze na nusu eka, siku 15, mama asije akasema mtoto amerudi na wazimu wa baba yake. Nimepata fundi wa kunichimbia lambo dogo la kukusanya maji ya pampu kabla ya mimba kuanza, ila jua la huku nahofia litakunywa nusu. Mzee, nilifunike na nini? Nimefikiria majani ya mkonge, yamejaa kwenye mashamba ya jirani.

Mkonge nao umenifikirisha. Siku hizi nikiamka usiku nauangalia tofauti. Nimesoma kwamba unafungua vile vitundu usiku, mchana unafunga, ndiyo maana haulii kiu kama wengine. Duka la usiku. Na kumbe Hale kule Tanga walishajenga mtambo wa kutengeneza gesi na umeme kwa mabaki ya mkonge, mwishoni mwa miaka ya 2000, maana singa ni sehemu ndogo tu ya jani, lililobaki lilikuwa linamwagwa. Kwangu ni mpakani tu, mstari mmoja, usionihitaji.

Mibono nimeanza kung'oa. Mizizi siyo mirefu kama nilivyodhani, watu wawili na sururu tunamaliza mistari minne kwa siku. Nimebakiza ya mpakani iwe ua. Na mmoja ulio upande wa mashariki mama amesema nisiuguse kabisa, baba amezikwa hatua tano kutoka hapo, na wazee waliuita mbono kaburi kwa sababu yao. Nimeuacha. Jana nimepita umepukutisha majani yote.

BintiMonduli, nina debe moja na nusu la mbegu za zamani, kama zinafaa kwa sabuni niambie nikupakilie kwenye basi.

Na swali la mwisho kwa wote: mtama mfupi, wa punje nyeupe, Macia au Hakika, nani anajua naupata wapi mbegu halisi kabla ya Novemba? Huku kuna kiduha, lile gugu linalonyonya mizizi ya mtama, kwenye shamba la jirani na kinanitisha kuliko ukame.

---

FundiBomba_Mstaafu

Kama kuna kiduha chukua Hakika. Majani ya mkonge yataoza na kuziba dripu, weka mabanzi au maturubai ya zamani. Na panga mtu wa kufukuza ndege, wale kwelea kwelea, nusu eka peke yako ukiwa na mtama kijiji kizima watakuja wote kwako.

---

BintiMonduli

Mbegu za zamani mafuta yanapungua lakini sabuni inatoka. Pakia tu kaka, nauli naleta mimi.